Vifaranga wa Bata Mzinga Wanapohara: Somo kwa Vikundi



Somo letu la mara hii ni juu ya bata mzinga, na hasa vifaranga wake katika majuma sita ya kwanza. Hapo ndipo hasara nyingi hutokea. Kifaranga akivuka majuma hayo sita salama, kazi yako imepungua nusu.

Tunaomba katibu asome pole pole, kwa sauti, na asimame mahali ambapo mtu ana neno. Yule asiyejua kusoma asione haya kuuliza. Mwisho wa somo kuna maswali na kazi ya kufanya nyumbani.

TUANZE NA KOSA LETU

Kabla ya kufundisha wengine, afadhali tuseme tulivyokosa sisi wenyewe.

Msimu mmoja wa mvua ndefu tulitembelea nyumba tatu za kikundi kimoja kwa siku moja. Nyumba ya kwanza tulikuta vifaranga wa majuma mawili wamekunyata karibu na jiko, manyoya yamesimama, na nyuma wamechafuka kwa uharo wa majimaji. Tuliingia ndani. Tukawashika mmoja mmoja, tukawageuza, tukampa mama pole, tukanywa chai. Kisha tukaenda nyumba ya pili, halafu ya tatu. Njiani tulikwangua matope kwenye gambuti kwa kijiti, basi. Kila nyumba tulikaribishwa mpaka ndani ya banda, maana mgeni ni baraka.

Haikupita wiki, vifaranga wa nyumba ya pili wakaanza kuhara. Nyumba ya tatu ikafuata. Watu wakasema ni chakula kibaya. Wengine wakasema ni jicho la mtu. Lakini chakula hakikuwa cha duka moja, na wenye nyumba hizo hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeingia katika mabanda yote matatu kwa siku moja, nacho kilikuwa viatu vyetu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa anategemea bata mzinga hao wauzwe Desemba, ili Januari mtoto aingie Kidato cha Kwanza. Alipotuuliza, "Sasa nitumie dawa gani?" tuliona aibu kumwambia hakuna. Tukamtajia unga wa dukani. Akakopa kwenye mzunguko wa kikundi, akanunua, akarudia kununua. Vifaranga waliendelea kufa, na deni likabaki.

Ndiyo sababu tumeandika somo hili. Likiweza kuzuia hata nyumba moja isipatwe na hayo, tutashukuru.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Uharo tunaouzungumzia huletwa na virusi. Virusi ni vitu vidogo mno, havionekani kwa macho wala kwa darubini ya kawaida ya zahanati. Haviwezi kuzaana vyenyewe mpaka viingie ndani ya chembe hai za mnyama.

Vya kuharisha bata mzinga wachanga ni vya aina kadhaa. Kuna vya jamii ya rota, vya jamii ya astro na vya jamii ya korona. Mara nyingi huja viwili au vitatu pamoja, na bakteria nao wakajiunga. Ndiyo maana banda moja hupoteza vifaranga wawili tu, na la jirani likapoteza nusu.

Mkisikia neno korona msiogope. Hii si ile iliyofunga shule na makanisa mwaka 2020. Ni ya ndege, na haiwashiki watu. Na rota wa bata mzinga si yule anayeharisha watoto wetu, ingawa wanafanya kazi kwa namna moja. Kina mama mnaijua rota, maana tangu Julai 2014 watoto wachanga wa Kenya hupewa chanjo yake kliniki. Hata hivyo osha mikono kwa sabuni kila ukitoka bandani, kwa sababu kinyesi cha ndege huwa na vijidudu vingine vinavyoweza kuumiza mtu, hasa mtoto mdogo.

Virusi hufanya nini tumboni? Chukua taulo uiangalie karibu. Ina nyuzi ndogo ndogo zilizosimama, na hizo ndizo zinazonyonya maji. Utumbo wa kifaranga una nyuzi kama hizo kwa ndani, nazo hunyonya chakula na maji. Virusi huzila nyuzi hizo mpaka taulo inakuwa kama karatasi ya nailoni. Chakula kinapita bila kunyonywa. Maji yanatoka mwilini. Kifaranga anakula lakini ana njaa, anakunywa lakini ana kiu, na mwili unapoa. Anayekufa, mara nyingi amekufa kwa kukaukiwa maji, kwa njaa na kwa baridi. Shikeni neno hilo, maana matibabu yote yanatoka hapo.

DALILI ZA KUANGALIA

Ugonjwa hushika zaidi vifaranga wa kuanzia siku chache mpaka majuma manne au matano. Virusi vikiingia, dalili huonekana baada ya siku mbili au tatu hivi. Angalia haya:

1. Kinyesi cha majimaji, mara nyingi chenye povu, na sehemu ya nyuma imechafuka na kuganda.
2. Vifaranga wanalia lia bila kunyamaza na kukusanyika karibu na moto, hata kama joto linatosha.
3. Wanaacha chakula na kuanza kula maranda ya sakafuni.
4. Wanakuwa wepesi mkononi. Ukimshika unagusa mfupa wa kifua.
5. Baada ya wiki moja au mbili hawalingani tena. Mmoja mkubwa, mwenzake wa siku ile ile ni nusu yake.

Ukimpasua aliyekufa sasa hivi, utumbo ni mweupe, mwembamba, umejaa maji na hewa.

LAKINI SI KILA UHARO NI HUU

Hapa wengi wanapotea. Kabla hujasema ni virusi, jiulize mambo haya.

Je, wanakufa siku ya tatu hadi ya tano na kifuko cha chakula shingoni ni kitupu? Basi huenda si ugonjwa. Kifaranga wa bata mzinga si kama wa kuku. Ni mzito wa kujifunza, na anaweza kufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula. Lazima umfundishe. Mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, gonga gonga chakula kwa kidole, tia vijiwe vinavyong'aa kwenye chombo cha maji ili avidonoe.

Je, kinyesi ni cha ute, pengine na michirizi ya damu, na sakafu imekuwa na maji kwa siku nyingi? Huenda ni koksidia. Hiyo ina dawa, na dawa ikiwahi inaponya.

Je, kinyesi ni cha manjano kama unga wa kiberiti, na ndege ni wakubwa kidogo wanaoshinda na kuku? Huo ni ugonjwa wa ini unaotoka kwa kuku. Kuku hubeba minyoo, mayai ya minyoo hubeba kijidudu, kuku mwenyewe haonekani mgonjwa, lakini bata mzinga anakufa. Kwa hivyo bata mzinga na ingokho wasilelewe pamoja wala wasirithiane uwanja.

Je, ndege mwenye nyama nzuri wa majuma sita na kuendelea anakufa ghafla na kinyesi chake ni damu tupu? Hicho ni kirusi kingine, cha jamii ya adeno. Tutakieleza siku nyingine.

Je, wakubwa kwa wadogo wanakohoa, shingo zinajipinda, kinyesi ni cha kijani? Hicho ni kideri, ambacho wengi wanakiita Newcastle. Usingoje. Mwarifu afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Kideri kina chanjo, na bata mzinga wachanjwe kama kuku.

Mwisho, kagua chakula. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Walipochunguza walikuta kosa liko kwenye mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Hapo ndipo sumu ya aflatoksini ilipojulikana. Sumu ile ile iliua watu 125 huku Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyooza. Bata mzinga huumia upesi sana kwa sumu hiyo. Kwa hivyo mahindi yaliyokataliwa jikoni kwa sababu ya ukungu yasipelekwe bandani ati "hawa ni ndege tu."

JE, DAWA IPO?

Tuseme ukweli ambao hatukuusema siku ile: dawa ya kuua virusi hivi vya uharo hakuna. Wala hakuna chanjo ya kununua dukani ya kukinga vifaranga wa bata mzinga na uharo huu.

Unga wa antibiotiki unaouzwa agroveti hauui virusi. Unaua bakteria. Daktari wa mifugo anaweza kuuandika akiona bakteria nao wameingia, na hapo una maana. Lakini ukinunua kwa kukisia unapoteza pesa, na unazoesha vijidudu kuishi na dawa. Tena dawa hubaki kwenye nyama. Ukipewa, uliza: "Nikae siku ngapi kabla ya kuchinja au kuuza?" Andika jibu ukutani.

Njia nzuri ya kujua ni ugonjwa gani ni kupeleka vifaranga wawili wagonjwa wakiwa hai, au aliyekufa saa hiyo hiyo, kwa daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa na bodi. Aliyelala amekufa usiku kucha hafai, utumbo umeshaoza. Anzeni na afisa wa mifugo wa wadi. Tangu huduma za mifugo zihamie kaunti mwaka 2013, huyo ndiye mlango wa karibu. Hapa Kakamega tuna pia taasisi ya KALRO inayoshughulikia wanyama wasiocheua, kuku wakiwemo, na kule Bukura kuna chuo cha kilimo. Kikundi kikienda pamoja na maswali yaliyoandikwa, kinasikilizwa vizuri kuliko mtu mmoja mmoja. Na gharama ya kumwita daktari mkiigawa haimlemei mtu.

KAMA UHARO UMEINGIA, FANYA HIVI

Hakuna dawa, lakini kazi iko. Kumbukeni neno tulilosema: wanakufa kwa kukaukiwa maji, njaa na baridi. Basi tunapigana na hivyo vitatu.

Kwanza, joto. Ongeza moto mara moja, zaidi ya kiwango cha umri wao kwa nyuzi mbili au tatu. Kama huna kipimajoto, vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakirundikana chini ya moto, ni baridi. Wakikimbia pembeni na kuachama midomo, ni moto mno. Wakitawanyika na kutulia, panatosha. Usiku ndio hatari, hasa alfajiri baada ya mvua. Mtu mmoja aamke saa tisa kuongeza makaa. Lakini acha hewa ipite juu, maana moshi wa makaa unaua watu na ndege.

Pili, maji. Yawe safi, yawe karibu, yabadilishwe asubuhi na jioni. Kwa siku ya kwanza tia vijiko viwili vya mezani vya sukari katika lita moja ya maji. Baadaye tumia unga wa vitamini na madini ya maji wa agroveti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Huo si dawa ya virusi, ni wa kurudisha nguvu. Sasa hapa angalieni sana. Wengi wanajua maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto anayehara. Usimpe kifaranga maji hayo, na usitie chumvi kwa kukisia. Bata mzinga mchanga hawezi chumvi nyingi. Inamjaza maji mwilini na kumuua.

Tatu, chakula. Kiwe laini, kibichi, kidogo kidogo mara nyingi. Yai lililochemshwa na kukatwa katwa linasaidia. Waliolegea kabisa, wainue uwachovye mdomo wenyewe. Toa chakula kilichomwagika na kuchafuka.

Nne, sakafu. Ondoa maranda yaliyolowa, weka makavu, na hasa karibu na vyombo vya maji.

Tano, watenge. Wagonjwa wakae mahali pao, na mtu mmoja tu awahudumie. Kama ni wewe peke yako, anza na vifaranga wazima, halafu wakubwa, na mwisho kabisa wagonjwa. Usirudi nyuma mpaka umeosha mikono na kubadilisha viatu.

Sita, waliokufa wazikwe siku ile ile, futi tatu kwenda chini, au watupwe chooni kwa shimo. Wasitupwe shambani mbwa akawazungusha kijiji kizima. Wala wasiliwe.

Ukifanya haya hutaokoa wote. Lakini kila mmoja aliyepewa joto na maji ana nafasi ya kuishi mpaka utumbo wake upone.

UNASAMBAAJE?

Virusi hutoka kwa kinyesi na kuingia kwa mdomo. Njia zake ni viatu, mikono, gunia lililotumika, karai la kuazima, nzi, panya, ndege wa porini, na kifaranga mwenyewe. Rota na astro ni sugu, hukaa muda mrefu kwenye kinyesi kilichokauka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: aliyepona bado anatoa virusi. Kwa ule wa korona, vimeonekana tumboni mwa ndege hata majuma kadhaa baada ya kupona. Anatembea, anakula, anapendeza, na bado anaambukiza.

Sasa wapendwa, tuangalie desturi zetu. Vikundi vyetu vina mambo mawili mazuri sana. La kwanza ni kutembeleana. La pili ni kupasiana: mwenye bata mzinga anampa mwenzake vifaranga wanne au watano, na huyo akifaulu anampa mwingine. Mambo haya mawili ndiyo yametuinua. Na haya mawili ndiyo barabara ya ugonjwa. Hatusemi tuyaache. Tunasema tuyatengeneze.

HABARI KUTOKA MBALI

Pengine mtu atauliza: kama hakuna dawa wala chanjo, je, kuna mahali ugonjwa huu uliwahi kushindwa?

Ndiyo. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, wafugaji wa bata mzinga waliteswa na uharo huu wa korona tangu mwaka 1951. Waliuita kwa jina la rangi ya samawati, kwa sababu kichwa cha ndege mgonjwa hubadilika rangi. Walijaribu dawa za kila namna. Kisha kati ya 1970 na 1976 waliamua kwa pamoja njia nyingine. Banda lenye ugonjwa waliliondoa ndege wote, wakaliosha, wakalipulizia dawa, wakaliacha tupu kwa majuma kadhaa kabla ya kuingiza wengine. Ugonjwa ukaisha katika jimbo zima. Na kumbuka, ni mwaka 1973 tu ndipo wataalamu walipothibitisha kuwa chanzo ni kirusi cha korona. Wafugaji walikuwa wameshaanza kumfukuza adui kabla hawajamjua jina.

Walifaulu kwa sababu jirani na jirani walikubaliana. Mmoja akiosha na mwenzake asioshe, ni kama kufagia uwanja siku ya upepo. Tena katika miaka ya 1990 ugonjwa ulionekana upya kwenye majimbo mengine ya nchi hiyo, kwa mfano Indiana na North Carolina. Kwa hivyo si kazi ya kufanya mara moja na kulala.

Sisi hatuna mashine zao. Lakini ufagio, maji, sabuni, jua na makubaliano tunavyo.

KUOSHA BANDA

Banda lililokuwa na ugonjwa, fuata mpango huu bila kuruka hatua:

1. Toa ndege wote. Wote waingie pamoja, wote watoke pamoja.
2. Kwangua na ufagie kinyesi na maranda yote. Rundika mbali na banda, funika kwa udongo, uache mpaka kioze kabisa kabla ya kupeleka shambani.
3. Osha sakafu, kuta na vyombo kwa maji na sabuni. Sugua.
4. Acha pakauke.
5. Sasa ndipo upake dawa. Jik, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, inatosha kwa vyombo na sakafu ya saruji. Kuta za udongo zipake chokaa.
6. Anika vyombo juani siku nzima.
7. Acha banda tupu angalau majuma manne.

Hatua ya tatu ndiyo watu huruka. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi inakufa yenyewe, virusi vinabaki. Hata beseni la dawa mlangoni halisaidii kama unatumbukiza gambuti lenye matope. Bora jozi moja ya patipati au sandak zinazokaa mlangoni mwa banda na hazitoki hapo kamwe.

KULEA VIZURI NI KINGA

Kifaranga mwenye joto, shibe na pakavu anapambana na virusi vizuri kuliko aliyedhoofika. Bruda, yaani mahali pa kulelea kwa joto, iwe ya duara isiyo na pembe, kwa sababu vifaranga hurundikana pembeni na kukanyagana. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35 hivi, kisha punguza nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yaote. Chakula cha kwanza cha bata mzinga kiwe na protini nyingi kuliko cha vifaranga wa kuku, kama asilimia 28. Ukiwa na chakula cha vifaranga wa kuku tu, ongeza yai la kuchemsha au omena iliyosagwa, lakini ile isiyo na chumvi.

Tena pangeni miezi. Mayai ya bata mzinga huatamiwa siku 28. Anayetaka kuuza Krismasi anahitaji ndege wa miezi sita hivi, kwa hivyo vifaranga wataanguliwa Juni, na mayai yatawekwa Mei. Hapo Kakamega kuna mvua na baridi. Maranda makavu na makaa yawekwe akiba tangu Machi, yasitafutwe siku vifaranga wanapotoka.

MAKUBALIANO YA KIKUNDI

Tunawashauri mzungumze, na mkikubaliana katibu ayaandike kwenye kitabu cha kumbukumbu:

Moja. Mgeni haingii bruda kabla vifaranga hawajamaliza majuma sita. Mgeni ni pamoja na mwenyekiti, afisa, na sisi wenyewe wa ofisi hii. Tukifika, tuzuieni mlangoni bila kuona haya. Chai tutakunywa chini ya mti.

Mbili. Kutembeleana kuendelee, lakini mwenye nyumba alete daftari lake tusome nje: wangapi walianguliwa, wangapi walikufa na siku gani, chakula kilichonunuliwa.

Tatu. Tupasiane mayai safi badala ya vifaranga. Yai lenye kinyesi lisipewe mtu. Na anayeatamia awe bata mzinga mwenyewe. Ikibidi kutumia kuku, apewe dawa ya minyoo kwanza, na vifaranga wakitoka wahamishiwe bruda.

Nne. Nyumba yenye uharo iseme siku ile ile. Isifichwe. Na kikundi kisimlaumu mwenye nyumba, bali kimsaidie makaa na maranda kwa kumwachia langoni.

Tano. Ndege aliyenunuliwa soko la Lubao, la Shinyalu au lolote akae peke yake majuma manne kabla ya kuchanganywa.

Sita. Mkopo wa dawa ya mifugo utolewe baada ya daktari kusema ni ugonjwa gani.

La nne ndilo gumu. Mtu akiogopa kuchekwa ataficha, na akificha wote wanaumia. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye bata mzinga kinamuumbua na jirani pia.

Yule mama tuliyemtaja alibakiwa na vifaranga saba. Tulirudi kwake baadaye, tukasimama langoni, tukamwambia wazi kuwa huenda ugonjwa tulileta sisi na kwamba ule unga haukuwa na kazi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi waambieni na wengine." Kikundi kilikubali kumwongezea muda wa deni. Na sisi tumetimiza alichotutuma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mwezi uliopita, ni nani aliingia bandani kwako, na alitoka wapi?
2. Kwa nini yule aliyepona asigawiwe mwenzako upesi?
3. Tuseme kikundi kina vifaranga 30, na 12 wamekufa kwa uharo. Pigeni hesabu kwa bei zenu: hasara ni ngapi? Na makaa, maranda na sabuni za kuzuia zingegharimu ngapi?
4. Ni desturi gani yetu nyingine inaweza kubeba ugonjwa?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao kila mwanachama atafute jozi moja ya viatu vya kukaa mlangoni mwa banda, na afungue daftari la vifaranga. Katibu atakagua daftari. Viatu tutaviamini, maana hatutaingia kuvitazama.

Tukutane katika somo lijalo.